Usimkate Mwanao Miaka: Maneno Yangu kwa Wazazi wa Vijana Wenye Kipaji

Mama mmoja wa Muheza ameniandikia ujumbe wiki hii. Mwanawe ana miaka 16, anacheza namba sita, na kila anayemwona anasema kijana ana kipaji. Kocha anayemfundisha amemwambia majaribio ya vijana yanakuja, kijana "amepitiliza kidogo", kwa hiyo afanyiwe cheti kingine cha kuzaliwa kitakachomrudisha nyuma miaka miwili. Mtu wa kukitengeneza yupo, bei imeshatajwa, anasubiriwa mama tu aseme ndiyo. Ujumbe wake unaishia hivi: "Mwalimu, wazazi wenzangu wameshakubali. Nikikataa mimi, si nitakuwa nimemzibia mwanangu riziki?"

Dada yangu, usikubali. Nimeshakupigia simu na tumeongea, ila naandika na hapa kwa sababu swali lako naulizwa kila msimu wa majaribio unapokaribia, na kwa sababu mwezi huu mpwa wangu amepimwa mkono kule Dar es Salaam, kile kipimo cha umri, amepita, na sasa yuko kambini. Nyumbani kwetu Makorora hatujalala vizuri kwa furaha. Nina haki ya kusema.

Najua mnaonisoma mnataka ninachokitaka mimi. Mnataka kumwona mtoto wa Tanga amevaa jezi ya Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, mkono kifuani, wimbo wa taifa unapigwa kwenye fainali za Afrika, na baada ya hapo Kombe la Dunia. Ndiyo maana mnaamka alfajiri kumpasha mtoto uji kabla hajaenda mazoezini, na ndiyo maana mnauza kuku ili apate njumu. Sina haja ya kuwaeleza ndoto ilivyo. Nataka kuwaeleza inavyoharibika.

Nianze na yangu.

Nilikuwa winga wa kushoto. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa unajulikana kuanzia Makorora hadi Mwanzange, na wazee waliokuwa wanakaa kwenye baraza kutazama chandimu walikuwa wananiita kwa jina la winga wao wa zamani wa Coastal Union, wale wa ubingwa wa 1988. Sijisifu, waliokuwepo wanajua. Nilipofika miaka 15 nikaitwa kwenye mchujo wa timu ya vijana ya mkoa. Tukawekwa kambi kwenye mabweni ya shule wakati wa likizo, vijana wa Korogwe, Lushoto, Pangani, Handeni, wote tumejazana. Njumu nilizokuwa nazo ni za kaka yangu, kubwa kuliko mguu wangu, nikazijaza kipande cha kanga mbele.

Siku moja alfajiri, adhana bado, nikatoka kwenda msalani. Nyuma ya bafu nikamkuta mwenzetu mmoja amechuchumaa mbele ya kopo la maji, uso umejaa povu la sabuni ya mche, ana wembe mkononi, ananyoa ndevu. Hakuwa na kioo, alikuwa anapapasa kidevu kwa vidole na kunyoa pale panapokwaruza. Kwenye karatasi tulikuwa rika moja. Akanitazama, akasema taratibu kabisa, "Dogo, hujaona kitu." Nikaingia msalani, nikarudi kulala, sikusema kitu kwa mtu. Ningemwambia nani? Waliomleta ndio waliokuwa wanatufundisha.

Majina yalipokuja kusomwa, langu halikusomwa. La yule lilisomwa, na alikuwa anacheza namba yangu. Mwalimu mmoja akanishika bega akaniambia, "Wewe bado mwepesi. Nenda kale ugali, urudi mara ijayo." Mara ijayo ilipofika nilikuwa nimeshazidi umri. Umri wangu wa kweli. Wakati huo fainali za vijana zilikuwa zinakuja kila baada ya miaka miwili, na mtoto akikosa msimu wake, basi tena, mlango umefungwa. Nilitoka uwanja wa Mkwakwani hadi nyumbani kwa miguu, njumu zimening'inia shingoni, na baba aliponiuliza nikamwambia majina hayajasomwa. Nilimwambia hivyo kwa siku kadhaa. Naandika haya na bado yananiuma. Watu husema muda unaponya. Kwangu haujaponya hilo.

Kwa wasiojua, hao tunawaita vijeba. Kijeba ni mtu mzima anayecheza na watoto. Na katika mpira wa Tanzania vijeba wametugharimu kama nchi pia, tusisahau. Fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 za mwaka 2005 zilichezwa Gambia. Serengeti Boys walikuwa wamefuzu uwanjani, kwa jasho lao. Wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri, na Zimbabwe wakaenda badala yetu. Mimi nilisikia redioni nikiwa kwenye kinyozi barabara za namba huku Ngamiani, na wanaume wazima walikuwa wanalaani wasimamizi wa mashindano. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nawafikiria wale watoto wengine kwenye kikosi, wenye umri halali, ambao mabegi yao yalikuwa yameshafungwa.

Miaka mingi baadaye nilikutana na yule mwenzangu wa wembe, pale Deep Sea, mimi nimekwenda kununua samaki, yeye naye vilevile. Alinitambua kwanza yeye. Tukakaa kwenye ukuta, akanieleza maisha yake bila mimi kumuuliza. Alifika hadi timu ya Dar es Salaam kwa ile karatasi. Mwanzo mambo yalikuwa mazuri, viongozi walidhani wamepata kijana wa miaka 19. Goti likaanza kumsumbua, kasi ikapungua, na hapo ndipo karatasi ikamgeukia. Walimtaka akimbie kama mtu wa miaka 23 wakati yeye alikuwa anakaribia 30. Wakamwita mvivu, wakasema kijana hajitumi, ameharibiwa na starehe za mjini. Hakuweza kujitetea, maana kujitetea ni kukiri. Wakamvunjia mkataba. Sasa ana kazi ya ulinzi, na kitambulisho chake cha NIDA kimebeba mwaka ule ule wa uongo, kwa sababu kilifuata cheti. "Mwenzangu," akaniambia, "hata pensheni yangu itachelewa. Nitafika 60 mwilini, NSSF wanaona bado."

Mama wa Muheza, lifikirie hilo. Miaka miwili unayompunguzia mwanao leo haitabaki uwanjani. Itaingia kwenye kitambulisho, kwenye pasi ya kusafiria, kwenye cheti cha ndoa, kwenye mafao yake ya uzeeni, wakati wewe haupo kumweleza ofisa yeyote ilikuwaje.

Sasa niwaeleze ya mpwa wangu, na hapa mniruhusu nijivune kidogo.

Ni mtoto wa dada yangu mkubwa. Jina lake nitalihifadhi, yuko kambini na sitaki kelele zimfikie. Amezaliwa Desemba, siku za mwisho mwisho kabisa za mwaka. Wenye watoto wa mpira mnajua maana yake. Kwenye mashindano haya umri unahesabiwa kwa tarehe 1 Januari. Kwa Kombe la Dunia la U-17, yaani chini ya miaka 17, la mwaka 2025, kwa mfano, mchezaji alitakiwa awe amezaliwa tarehe 1 Januari 2008 au baada ya hapo. Kwa hiyo mtoto wa Januari na mtoto wa Desemba wa mwaka mmoja wanahesabiwa sawa, na huku mmoja amemzidi mwenzake karibu mwaka mzima wa kula na kukua. Katika umri wa miaka 13, 14, mwaka mmoja ni urefu wa kichwa kizima. Mpwa wangu siku zote alikuwa mdogo kuliko wote. Kila timu alianzia benchi. Makocha walikuwa wananiambia, "Mjomba, kijana anajua mpira, ila upepo ukivuma tu anaanguka."

Ndipo akatokea mtu mmoja, mjuzi wa mambo hayo, akaja nyumbani jioni na pikipiki. Alikunywa chai yetu, akala maandazi na mbaazi za dada, kisha akasema lililomleta. Hakutaka miaka miwili. Alitaka wiki chache tu. "Msogezeni kutoka Desemba mumuweke Januari," akasema. "Badala ya kuwa mdogo wa mwisho kwenye rika lake, anakuwa mkubwa wa kwanza kwenye rika linalofuata. Hata mashine haiwezi kuona."

Na alikuwa anasema kweli kuhusu mashine. Hakuna kipimo duniani kinachoweza kutofautisha Desemba na Januari kwenye mfupa. Dada alinitazama. Nilimwona ameshaanza kukubali, na simlaumu, wiki chache zinaonekana kama si kitu. Tukakaa kikao cha familia usiku ule ule, mimi, dada, shemeji, na bibi.

Niliwaambia habari ya Guinea. Mwaka 2019 fainali za Afrika za U-17 zilifanyika hapa hapa kwetu, Dar es Salaam. Nilikwenda Uwanja wa Taifa siku ya ufunguzi, Aprili 14, nikawaona vijana wetu wakiongoza 4-2 dhidi ya Nigeria na mwisho wakafungwa 5-4. Niliumia sana siku ile, na hatukupata pointi hata moja kwenye kundi. Guinea wao walifika fainali, wakafungwa na Cameroon kwa penalti, lakini tiketi ya Kombe la Dunia kule Brazil walikuwa wameshaipata. Baadaye ikaonekana wachezaji wao wawili walishawahi kucheza mashindano Japan kwa tarehe nyingine za kuzaliwa. Karatasi mbili, tarehe mbili, mtu yule yule. Guinea ikaondolewa, Senegal ikaenda Brazil. Hapo hakukuhitajika mashine. Karatasi za zamani ndizo zilizosema. Na mtoto wetu ana karatasi za zamani kila mahali: kadi ya kliniki, rejista ya shule ya msingi, namba yake ya mwanafunzi ya PREM ambayo tarehe ya kuzaliwa imeshaingizwa kwenye mfumo. Utazikimbia zote?

Bibi alikuwa kimya muda wote. Akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kadi ya kliniki. Aliihifadhi kwenye sanduku lake la bati, katikati ya doti za kanga, ndani ya mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nyingi. Kadi imegeuka rangi, pembe moja imeliwa na mende, lakini muhuri unasomeka na mwandiko wa nesi unasomeka. Ule mstari wa uzito unaonekana jinsi ulivyokuwa unatambaa chini chini, maana mtoto alizaliwa na uzito mdogo. Bibi akaiweka juu ya meza mbele ya dada. "Huyu nilimpokea mimi," akasema. "Amezaliwa Desemba." Kikao kikaisha hapo.

Tulimwandikia yule mtu kwamba hatuhitaji. Alitujibu vibaya. Akasema tutakuja kumlilia. Kuna msimu mpwa wangu alikaa benchi mfululizo na kuna watu walinicheka usoni, wakisema mjomba ameshikilia kadi ya kliniki wakati wenzake wanashikilia mikataba. Dada naye kuna siku aliniambia maneno makali ambayo nimeamua kuyasahau. Yale yalikuwa magumu, ila nitayaruka, kila mwenye mtoto wa mpira ameyapitia.

Kijana akakua. Mifupa iliyochelewa ikaanza kufuatana, mabega yakaja, na akili ya mpira aliyoipata akiwa mdogo kuliko wote ikabaki pale pale. Mtoto aliyezoea kucheza na wakubwa hujifunza kutoa pasi kabla hajaguswa. Akaonekana kwenye mashindano ya shule, akaitwa, akachujwa, akabaki. Kisha likaja suala la kupimwa.

Kipimo chenyewe wengi mnakisikia tu, ngoja niwaeleze kama alivyotueleza yeye. Wanapiga picha ya MRI ya kifundo cha mkono, kwa kawaida wa kushoto. FIFA ilianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la U-17 la Nigeria mwaka 2009, na CAF, shirikisho la mpira la Afrika, nayo inakitumia kwa mashindano ya umri huo. Kinachotazamwa ni mwisho wa mfupa wa mkono, upande wa dole gumba, karibu na kiganja. Kwa mtoto anayekua pana mstari wa gegedu pale ambapo mfupa unaongezeka urefu. Mtu akikomaa mstari ule unafunga, mfupa unakuwa kitu kimoja. Kwa mvulana ambaye hajafika miaka 17 ni nadra sana kuukuta umefunga wote. Umefunga? Unarudi nyumbani, na cheti chako kiseme kinavyotaka kusema.

Kijana akatuambia unalala kifudifudi, mkono umenyooshwa mbele ya kichwa, unaambiwa usitikisike hata kidogo, na mashine inagonga kama fundi bati yuko darini. Kabla ya kuingia wanavua kila kitu cha chuma. Mwenzake mmoja alikuwa na pete ya fedha aliyopewa na babu yake, haitoki kidoleni, ikabidi wamtafutie sabuni, na mikono ilikuwa inamtetemeka. Mpwa wangu anasema yeye alilala mle ndani akaanza kusinzia. Dada alipolisikia hilo alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kusinzia! Wenzake nje hawawezi hata kumeza mate, yeye anasinzia, kwa sababu hakuna alichoficha.

Majibu yalipotoka wapo waliorudishwa. Hakuna aliyesomewa jina hadharani, waliitwa mmoja mmoja, wakapewa nauli. Mmoja alikuwa golikipa ambaye wote waliamini ndiye namba moja. Mpwa wangu anasema alifunga begi bila kumtazama mtu, na alikuwa hajui amwambie nini mama yake, kwa sababu mama yake alikuwa ameshakopa. Sina furaha juu ya mtoto yule. Hasira yangu iko kwa mtu mzima aliyemwandikia tarehe ile. Mtoto amebeba aibu, mtu mzima yuko mtaani anatafuta mwingine.

Msidhani ni kwetu tu. Cameroon, taifa kubwa la mpira, mwanzoni mwa 2023 shirikisho lao lilipima vijana wao 30 wa U-17 kabla ya mechi za kufuzu, na 21 wakashindwa kipimo. Mwaka 2018 kule Burundi, mashindano ya U-17 ya CECAFA, ya nchi za Afrika Mashariki na Kati, ndugu zetu wa Zanzibar waliondolewa kwa sababu ya umri, na Serengeti Boys walibaki wakachukua kombe kwa kuifunga Somalia 2-0. Na sisi tumewahi kunufaika na ukweli. Mwaka 2016, kwenye mechi za kufuzu fainali za Afrika za U-17, tulitolewa na Congo Brazzaville kwa bao la ugenini, 3-2 hapa, 1-0 kwao. Tanzania ikalalamika juu ya mchezaji wao mmoja, CAF ikamwita apimwe, hakuletwa, Congo wakaondolewa, sisi tukaenda fainali zenyewe Gabon mwaka 2017. Makorora yote tulijazana kwenye kibanda umiza. Sare 0-0 na Mali ambao ndio waliochukua ubingwa, ushindi wa 2-1 kwa Angola, halafu Niger wakatufunga bao moja. Sare tu ingetupeleka nusu fainali na Kombe la Dunia India. Tulilingana na Niger pointi nne, tukatoka kwa sababu wao walitufunga sisi. Niliumia, ila niliumia kwa heshima. Aliyekuwa anawafundisha ni Bakari Shime, ambaye sisi wa Tanga tunamjua tangu akiwa na timu ya Mgambo.

Na huyo huyo Shime ndiye aliyewapeleka Serengeti Girls Kombe la Dunia la U-17 kule India Oktoba 2022. Wasichana wetu walianza kwa kufungwa 4-0 na Japan. Watu wakazima televisheni. Siku tatu baadaye wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare 1-1 na Canada, wakaingia robo fainali, ambako Colombia waliwatoa kwa mabao 3-0. Hakuna timu ya Tanzania ya mpira wa miguu iliyokuwa imewahi kwenda Kombe la Dunia la FIFA la umri wowote kabla yao. Wenye mabinti, nanyi sikieni: mifupa ya wasichana hufunga mapema kuliko ya wavulana, kwa hiyo kwao kile kipimo cha mkono hakisaidii kama kwa wavulana. Karatasi ndizo zinazobeba mzigo wote. Binti yako akiwa na karatasi mbili zinazopishana, hana pa kujitetea.

Sasa ushauri wenyewe, na nauona ni mwepesi kuliko mnavyofikiri. Tunza karatasi. Mtoto akizaliwa hospitali unapewa tangazo la kizazi, usiliache kwenye droo hadi lififie, nenda RITA, wakala wa usajili wa vizazi, upate cheti. Kama ulichelewa, bado unaweza kumsajili kwenye ofisi yao ya wilaya, nenda na kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama kipo, au barua na cheti cha shule ya msingi. Fanya sasa akiwa na miaka minane, kumi, wakati hakuna mtu anayemtaka. Ukienda wiki ya majaribio, hata ukiwa mkweli, utaonekana umekwenda kutengeneza. Kisha hakikisha tarehe iliyoko kwenye cheti ndiyo iliyoko shuleni. Mwalimu akikosea herufi au mwaka, mfuate siku hiyo hiyo arekebishe. Tunza karatasi, mzazi. Piga picha ya kila moja, na ya asili ikae mahali pakavu.

La pili, usiogope mtoto wako kuwa mdogo. Mwache acheze na wakubwa, mwache akae benchi, mlishe, mpeleke shule. Na usidanganywe kwamba mlango ni mmoja. Wakati wangu, kweli, ulikuwa mmoja. Leo Kombe la Dunia la U-17 linachezwa kila mwaka, Qatar, kuanzia 2025 hadi 2029, timu 48, na Afrika ina nafasi 10. Mwaka 2025 kwenye fainali za Afrika kule Morocco hatukuvuka kundi letu, lakini Uganda, majirani zetu tuliokuwa nao kundi moja, walikata tiketi ya Qatar. Mtoto wa Desemba sasa ana mashindano yake, na mtoto wa Januari inayofuata ana yake. Ile sababu waliyokuwa wanatumia kutushawishi, kwamba ukikosa hapa basi tena, imekufa. Hapa Tanga sasa tuna kituo cha ufundi cha TFF, shirikisho letu la mpira, pale Mnyanjani, watoto wetu hawana haja tena ya kusubiri mtu wa pikipiki aje kuwaona.

La tatu ni kwenu makocha wenzangu wa mitaani, na hapa nitasema kwa ukali. Acheni. Mnajua mnachokifanya. Mnamchukua kijana wa miaka 19 mnamwingiza kwenye timu ya watoto ili mshinde kombe la mbuzi, mpigwe picha, mwonekane mnajua kufundisha. Kila kijeba unayemwingiza, kuna mtoto mmoja halali anatoka na njumu shingoni kwenda kumdanganya baba yake kwamba majina hayajasomwa. Mtoto huyo harudi tena uwanjani. Halafu miaka ikipita mnakaa kwenye baraza kuuliza mbona Tanga haitoi mawinga kama zamani. Mawinga wapo, mliwarudisha nyumbani mkawaambia wakale ugali.

Na ninyi vijana wenyewe, mnaofika miaka 15, 16, mkiitwa pembeni na kuambiwa tarehe nyingine ya kukariri, kataeni. Mwambieni mzazi. Kama mzazi naye yumo, mwambieni mwalimu wa shule, au shangazi, au mimi. Kijana mwenye tarehe moja tu hana cha kukariri.

Wasimamizi wa ligi za vijana za wilaya na mashindano ya mitaa hapa Tanga, nina ombi moja na nitaendelea kulirudia hadi mlifanyie kazi. MRI hatuna uwezo nayo kwenye kiwanja cha Makorora, hilo linaeleweka. Rejista za darasa la kwanza zipo. Kila shule ya msingi jijini inazo, na majina ya watoto wetu yamo na mwaka walioanza. Siku ya kwanza ya mashindano, timu ije na nakala ya rejista iliyogongwa muhuri na mwalimu mkuu, kadi za kliniki kwa wanaozo, na kila mtoto asimame na mzazi au mlezi wake. Majina yasomwe kwa sauti, kila aliyekuja uwanjani asikie, hata yule jirani anayejua mtoto gani alizaliwa mwaka gani. Mwenye pingamizi alitoe hapo hapo, kabla mpira haujawekwa katikati.